Siku Mtani Aliponiita Jina Langu

Wazee wangu, shikamoni. Mama zangu, shikamoni nanyi. Wakristo wenzangu, Bwana asifiwe. Waislamu, asalaam aleikum. Na ninyi mliokuja kwa sababu mlisikia kuna chai, mbukwenyi. Chai ipo, inachemka hapo nyuma, lakini mtanisikiliza kwanza.

Mwenyekiti ameniomba niseme, na nilimkatalia mara mbili. Nilimwambia, mwenyekiti, kikundi hiki ni cha kufa na kuzikana, mimi sijafa, nitasema nini? Akanijibu, "Ndiyo maana nakuita wewe. Waliokufa hawawezi kuja kutueleza." Basi nimekuja. Mniwie radhi nikikaa kidogo katikati ya maneno, maana mguu huu una saa zake. Tena sitamtaja mtu jina. Wengine wamo humu ndani, na kama ni kujitaja, watajitaja wenyewe kwa vicheko vyao.

Wengi mnanijua kama mzee wa mkongojo. Vijana hamjui kwamba mimi nilikuwa mtu wa ofisini. Nilikuwa mtunza stoo kwenye shirika moja la umma hapa mjini. Nilikuwa na meza, droo yenye kufuli, na kalamu mfukoni. Kisha ikaja ile miaka ya mashirika kupunguza watu. Tukaambiwa biashara sasa ni ya kila mtu, serikali inajitoa. Ikajitoa, na sisi tukatolewa nayo. Nilirudi nyumbani na kalamu ile ile mfukoni. Mke wangu akaniuliza, "Wamekupa nini?" Nikamwambia, wamenipa mkono. Hakucheka, na mimi sikucheka. Siku hiyo tulikula mlenda kimya kimya.

Baada ya miezi mitatu ya kuandika barua za kuomba kazi, nikaenda kijiweni. Mnakijua kile kijiwe cha vibarua njia panda. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi watu wameshajipanga, kila mmoja na koleo lake au sururu. Lori likisimama mnaparamia. Mimi siku ya kwanza nilisimama mbali kidogo, kama mtu anayesubiri basi la Mpwapwa. Niliona aibu. Lakini nilikuwa nimesahau kalamu mfukoni, na dereva wa lori alipoiona akadhani mimi ndiye msimamizi. Akaniuliza, "Mzee, watu wako wangapi?" Nikatazama nyuma, wamesimama saba. Nikasema, wanane na mimi. Hivyo ndivyo nilivyokuwa kiongozi wa watu ambao hata majina yao nilikuwa siyajui.

Kazi ilikuwa mchanga. Mji ulikuwa unajengwa kila upande, kila mtu anataka mchanga, na malori ya watu binafsi yamejaa. Tulikuwa tunachimba kwenye korongo moja nje ya mji, ukingo wake ni mrefu kuliko nyumba. Tulilipwa kwa tripu, kwa hiyo aliyewahi kujaza lori ndiye aliyekula. Sasa nawaambieni jinsi tulivyochimba, na wale wa machimbo humu ndani msijifanye hamjui.

Hatukuanza juu. Nani ana muda wa kuanza juu? Tulikuwa tunakula chini. Mnachimba miguuni mwa ukingo, mnaingia ndani kama mnafanya pango, huku juu kichwa kimebaki kinaning'inia. Pango likishakuwa kubwa mnatoka, mmoja anapanda na mtaimbo, anachokoa kule juu, na kichwa kinashuka chenyewe. Hapo mnapata mchanga wa tripu tatu bila jasho. Utamu wake ni huo. Ubaya wake ni kwamba kichwa hakijui saa. Wewe unadhani kitasubiri mtaimbo, na chenyewe hakijaahidi kitu.

Katika wale wanane alikuwemo Mnyamwezi mmoja. Mimi ni Mgogo wa Mvumi, mnajua tena. Babu zake walipita kwetu na mizigo ya misafara, babu zangu wakawauzia maji kwa bei ya kuumiza, na tangu hapo sisi ni watani. Siku ya kwanza tu aliposikia natokea wapi, akaja akachukua kiporo changu cha ugali mbele ya macho yangu, akala. Alipomaliza akasema, "Asante kwa kulipa deni la babu yako." Nifanye nini? Mtani hakasirikiwi. Kesho yake nikamvizia, nikala michembe yake yote, vile viazi vyao vikavu. Tangu siku hiyo tukawa hatuachani.

Hakuwahi kuniita jina langu. Aliniita Mlenda, kwa ile mboga yetu Wagogo. Wakati mwingine aliniita Karani, kwa sababu ya kalamu. Mimi nilimwita Mbeba Mizigo. Kutwa nzima pale korongoni ni kutukanana, na wenzetu wanacheka hadi makoleo yanawatoka mikononi. Ndugu zangu, nawaambia kweli, kazi ile ilikuwa ngumu, lakini sijapata kucheka katika maisha yangu kama nilivyocheka mwaka ule. Nilikuwa nimesahau hata ile droo yenye kufuli.

Ngoja nikae kidogo.

Sasa. Mvua za kwanza zikanyesha. Siku mbili tu, mnajua mvua za kwetu. Siku ya tatu tukarudi korongoni, tukakuta pango letu kubwa lipo vile vile, mchanga umelowa, unachimbika kama siagi. Nikasema, leo tunajaza malori manne. Mtani wangu alikuwa amepanda juu. Akaita kutoka kule, "We Mlenda, huku kuna ufa. Kidole changu chote kinaingia." Nikamjibu, "Kitoe basi, usije ukauchafua ufa wa watu." Wakacheka.

Akashuka. Akatwaa gunia, akajifunga kichwani kama mama aliyefiwa. Akachukua kijiti, akaja ndani ya pango nilipokuwa nachimba, akaanza kunipima, kutoka kichwani mpaka miguuni. Kisha akatoka nje, akajitupa chini, akaanza kulia, "Uuuwi! Mlenda wetu ameondoka! Nani sasa atatuombea chumvi kwa majirani! Karani wetu ameondoka na kalamu yake, huko ahera ataandika nini!" Ninyi mmewaona watani msibani, mnajua wanavyofanya. Lakini huyu alikuwa ananifanyia msiba wangu nikiwa nimesimama, koleo mkononi. Watu walilala chini kwa kucheka. Mimi mwenyewe nilicheka mpaka machozi.

Alipoona nacheka, akasogea. Akasema kwa sauti ya chini kidogo, "Mtani, toka humo." Nikamwambia, "Ninyi Wanyamwezi mmezoea kubeba udongo, hamjazoea kuuchimba. Kaa kando uone wanaume." Akanitazama. Wenzetu bado wanacheka. Akacheka na yeye, akaenda kunywa maji, na wengine wakamfuata.

Nikabaki peke yangu ndani. Nataka mjue kwamba hakukuwa na kishindo. Zilianza punje kidogo za mchanga, zikaniingia kwenye kola, nikadhani ni mtani ananitania kutoka juu. Nikasema, "Acha ujinga." Halafu kukawa giza.

Mchanga si mzito unapoushika mkononi. Ukiwa kifuani ni kitu kingine kabisa. Ukitoa pumzi, mchanga unashuka unachukua ile nafasi, na ukitaka kuivuta tena, pa kuivutia hapapo. Kichwa changu kilikuwa kimefunikwa, lakini mkono mmoja ulikuwa nje mpaka kiwiko. Nasikia kwa mbali watu wanakimbia, na sauti ya mtani wangu inapiga kelele, "Wekeni koleo chini! Mtamkata! Mikono! Tumieni mikono!" Wakachimba kwa mikono. Kucha zake mbili zilitoka siku ile na hazikuota vizuri tena, nendeni mkaziangalie.

Wakafika usoni. Akanifuta mdomo kwa shati lake. Mimi nikamtazama nikasubiri. Nilikuwa nasubiri aseme, "Mlenda, nilikwambia." Nilikuwa nataka sana aseme hivyo. Badala yake akanishika mashavu kwa mikono miwili, akaniita jina langu. Jina langu la ubatizo, na la baba yangu, na la babu yangu. Sikujua hata kwamba anayajua. Akaniambia, "Usilale. Nakuomba, ndugu yangu, usilale."

Ndipo nikajua kwamba nakufa. Mchanga haukunitisha vile. Kilichonitisha ni kuitwa jina.

Walinilaza kwenye ubao wa nyuma wa lori, dereva akanipeleka hospitali ya misheni. Nyonga ilikuwa imevunjika, na paja limevunjika mahali pawili. Mguu ukaning'inizwa kwa kamba, na kwenye ncha ya kamba wakafunga mfuko wa kuuvuta. Siku moja nikamwuliza muuguzi, dada, ndani ya mfuko huo kuna nini? Akasema, "Mchanga, baba." Cheka tu, mama, na mimi nilicheka, ila nyonga ikaniuma.

Mtani wangu alikuja kunitazama. Alivaa shati safi. Akasimama mbali na kitanda, akasema, "Shikamoo, mzee. Unaendeleaje?" Tangu lini mtani akakuamkia? Nikamjibu marahaba. Akaweka machungwa kwenye kikabati, akakaa kwenye kiti kama mgeni wa mbali, akaondoka. Akaja mara ya pili, vile vile. Mara ya tatu alipokuja, nilikuwa nimekaa wiki tano chali, natazama dari, na moyo wangu ulikuwa umeshaoza. Nikamwambia neno ambalo nalijutia mpaka leo. Nikasema, "Kama uliuona ule ufa, kwa nini ulicheza? Kwa nini hukuniambia kama mtu?"

Alichukua kofia yake pale magotini, akaivaa, akatoka. Hakurudi tena.

Ndugu zangu, nilipoambiwa nisimame mbele yenu nieleze nilivyoanguka, mlidhani ni ule mchanga. Mchanga uliniangukia tu. Kuanguka kwangu mimi ni lile neno.

Nilirudishwa nyumbani na mkongojo huu. Daktari alisema nitembee kila siku, kidogo kidogo, la sivyo nyonga itakaza. Sikutembea. Nilikaa kwenye kigoda mlangoni, asubuhi mpaka jioni. Mke wangu alikuwa anachoma maandazi, anayatembeza, anarudi ananikuta pale pale. Watu walikuja kunipa pole. Kila mtu alizungumza nami taratibu, kwa adabu. Wanangu wakawa wananyata. Hakuna aliyenitania. Nilikuwa napewa heshima zote za mtu aliyekwisha.

Sikujua kwamba mke wangu alikuwa amekwenda kijiweni kumtafuta yule bwana. Alikuja kuniambia baadaye. Alimkuta amekaa peke yake, hataki hata kupanda lori. Akamwambia, "Shemeji, mbona huji nyumbani?" Akasema, "Nilimzika kwa mdomo wangu, shemeji. Nilimlilia akiwa hai, na udongo ukanisikia. Nitamtazama vipi?" Kumbe muda wote alikuwa anaamini kwamba ule msiba wake wa mchezo ndio ulioniangushia kichwa cha ukingo. Hilo ndilo lililokuwa likimla.

Mke wangu naye hana subira na mambo ya namna hiyo. Akamwambia, "Ufa uliletwa na mvua, na pango mlilichimba wenyewe. Mdomo wako haujawahi kuangusha hata kikombe. Njoo umtukane mume wangu. Anakufa kwa heshima."

Akaja. Ilikuwa saa nne asubuhi, nimekaa kwenye kigoda changu. Akasimama mbele yangu, hakuniamkia. Akautazama mkongojo uliokuwa umeegemea ukutani. Akauchukua, akaupima, akaugonga chini. Akasema, "Mti mzuri. Kwetu haupo." Akaondoka nao.

Mwanzoni nilidhani anatania, atarudi. Hakurudi. Nikamwona anaelekea barabarani, anauzungusha kama mwenye mali yake. Nikaita, we bwana! Kimya. Nikaita tena, we Mbeba Mizigo! Kimya. Hasira ikanipanda, lakini hasira gani? Mtani akichukua kitu chako huwezi kumwitia mgambo. Dawa yake ni kwenda kukikomboa, kwa miguu yako. Nikasimama. Nikashika ukuta. Nikashika mlango wa jirani. Nikaufuata ua wa minyaa, mkono wangu wote ukalowa utomvu, huku natoa matusi ambayo sijayatoa tangu nibatizwe. Majirani wakatoka nje. Watoto wakaja nyuma yangu wakishangilia. Kutoka kwangu hadi barabarani ni mwendo wa kumaliza sigara moja. Mimi nadhani nilitumia saa nzima.

Nikamkuta amekaa kwenye jiwe, mkongojo magotini, analia. Nikajiachia nikakaa karibu yake. Nikasema, "Nisamehe." Akasema, "Na wewe nisamehe." Halafu nikamwambia jambo ambalo nilikuwa nimelifikiria pale kwenye minyaa, kila nilipokuwa nikipumzika. Nikamwambia, "Mtani, mimi nilikudanganya kule hospitali. Ungeniambia kwa uso mkavu, bila utani, nisingekusikia. Ningesema huyu ni nani wa kumfundisha mtunza stoo mzima. Ningekasirika na ningebaki ndani."

Akafikiri. Akasema, "Na kwa utani ulicheka, ukabaki ndani."

"Ndiyo. Lakini leo umechukua mkongojo, na nimetoka."

Tukatazamana. Ndugu zangu, hapo ndipo jambo lote lilipogeukia. Maneno ya mtani huchekwa, ndiyo kazi yake. Mkono wa mtani hausubiri ucheke. Siku ile angeshika koleo langu akaondoka nalo, ningetoka pangoni namkimbiza huku natukana, na kichwa kingeangukia mahali patupu.

Wiki tatu baadaye nikaenda naye korongoni. Sikuweza tena kuchimba, nilikwenda kukaa tu. Nikakuta wenzetu wamefungua pango jipya hatua kumi kutoka lile lililonizika. Nikawaambia, jamani, mimi hapa ni ushahidi, utazameni mguu huu. Wakaniambia, "Pole mzee, ile ilikuwa bahati mbaya." Mnaona? Nilisema kwa uso mkavu, na hawakusikia.

Basi mtani akaingia. Palikuwa na Mgogo mmoja mle ndani. Akamnyang'anya koleo, akatoka nalo. Huyu akamfuata anapiga kelele. Mimi nikamwona Mnyamwezi mwingine, nikanyoosha mkongojo nikaivuta sururu yake. Ikawa vurugu na kicheko, na kwa muda ule pango likabaki tupu. Tukawaambia: tangu leo, kila mmoja atakuwa na mtani wake anayemwangalia. Asiye na mtani wa kabila tutamtafutia wa ukoo, mtoto wa shangazi au shemeji yake. Mtani wako akiona ufa, au mvua imenyesha, au umechoka mpaka macho yamekuwa mekundu, haongei. Anachukua koleo lako anaondoka. Wewe unatoka. Ukishakuwa nje, hapo ndipo mtabishana.

Walikubali, nadhani zaidi kwa sababu ulikuwa mchezo mzuri. Lakini walikubali.

Akabaki tajiri, mwenye lori. Lori lile lilikuwa la bwana mmoja mwenyeji wa hapa mjini, familia ya wafanyabiashara tangu enzi za misafara, mtu mwema, kofia ya viua kichwani, lakini mwenye haraka. Alikuja mwenyewe alasiri moja akakuta vijana wamesimama nje. Akauliza kuna nini. Wakamwambia juu kuna ufa, tunataka kwanza kichwa kishushwe. Akasema, "Mimi nina fundi ananisubiri na saruji imeshachanganywa. Ingieni mjaze tripu hii moja, kesho mtashusha." Vijana wakatazamana. Wengine wakaanza kuinama kuokota koleo, maana njaa inajua kusukuma.

Mtani wangu akaenda taratibu kwenye lori, akapanda, akachomoa ufunguo, akautia mfukoni.

"We! Unafanya nini?"

"Tajiri, babu yako alipopita hapa na biashara zake, mizigo yake alibeba nani?"

"Wanyamwezi. Kila mtu anajua."

"Basi mimi na wewe ni watani, ila hatukuwahi kujulishana. Ufunguo nimeuchukua. Utaukomboa kichwa kikishuka."

Nilijua pale kuna kupoteza kazi, wote wanane kwa mpigo. Tajiri akamtazama kucha zake zile mbili, sijui alijua ni za nini. Akasema, "Huyu ana wazimu," na mdomo ukamcheza kidogo. Akakaa kwenye bampa. Vijana wakapanda juu na mitaimbo, wakachokoa mpaka jua likashuka, kichwa kikagoma. Akarudishiwa ufunguo, akaondoka na lori tupu, hakutuaga.

Asubuhi yake tulirudi na tajiri akaja, nadhani kutufukuza. Ukingo ulikuwa umeshuka wenyewe, wote, na pango halikuwepo tena. Tulichimba kwa uangalifu kutoka pembeni, na chini kabisa tukaikuta ndoo yetu ya maji ya kunywa tuliyokuwa tumeisahau mle ndani. Ndoo ya bati. Ilikuwa imelala bapa, mgongo umegusana na tumbo. Tajiri akaiokota. Akaigeuza huku na huku. Kesho yake alileta ndoo mpya, na tangu hapo hakuwahi kutuharakisha.

Kuanzia siku ile tukaacha kula chini. Tunaanza juu, tunakata ngazi, na hakuna ngazi inayozidi kiuno cha mtu. Ndiyo, ni polepole. Ndiyo, malori manne yakawa matatu. Lakini tangu wakati ule, katika kundi letu, kikundi hiki hakijanunua sanda hata moja kwa ajili ya korongo. Ndiyo yote niliyokuja kuwaambia, na wale wanaochimba visima na vyoo, na wanaopanda majukwaa ya ujenzi, mtajua wenyewe mnaipachika wapi. Tafuteni mtu ambaye hamwezi kumkasirikia. Mpeni ruhusa ya kuwanyang'anya chombo. Akikinyang'anya, tokeni kwanza.

Nawashukuru muuguzi na daktari wa misheni. Namshukuru dereva aliyeendesha lori kama amebeba mayai. Nawashukuru vijana waliochimba kwa mikono. Tajiri namshukuru, na najua yumo humu kwa sababu ile kofia naiona. Namshukuru mke wangu, ambaye alijua kabla yangu kwamba heshima inaweza kumuua mtu. Simama, mama, wakuone. Hataki. Haya.

Na wewe uliyekaa karibu na birika ili uwahi chai, Mbeba Mizigo wewe. Msiba wangu ulishaufanya, na ulilia vizuri, nilikuwepo, nilisikia. Mwenyekiti amenitaja jina hapa mbele ya watu wote, na kina mama wananitaja, na wachungaji wananitaja. Wewe tangu uliponifuta mchanga mdomoni hujanitaja tena, hata mara moja, na mimi kila siku nasikiliza. Usinitaje bado. Siku yangu ikifika kweli, nikiwa nimezeeka kitandani mwangu, njoo unishike mashavu uniite kama ulivyoniita siku ile, na la baba na la babu, nami nitajua kwamba ni wewe.

Lakini leo niite Mlenda, unirudishie mkongojo wangu. Nimeona ulivyouchukua wakati nasema, na kiti changu kiko mbali.